Ulinzi wa mwanafunzi usiishie getini

Morogoro ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kina kampasi mbili hapa: ya Edward Moringe, iliyoegemea milima ya Uluguru, na ya Solomon Mahlangu kule Mazimbu. Kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan, na ukishika barabara ya Iringa unafika Mzumbe. Vyuo hivi vina walinzi. Lakini kila jioni wanafunzi wengi hulipa geti kisogo na kwenda kulala walikopanga, Magadu, Mafiga, Kihonda au Changarawe, na huko mlinzi wa chuo hana kazi.

Wizi wa kwenye mageto, yaani vyumba hivyo vya kupanga, hauhitaji ufundi mkubwa. Dirisha lina nondo na wavu wa mbu. Joto la Morogoro linamlazimisha mpangaji alale dirisha likiwa wazi, simu inachajiwa mezani, kompyuta mpakato iko pembeni yake. Mwizi anachana wavu kwa wembe, anapenyeza fimbo ndefu yenye ndoano na kuvuta begi mpaka kwenye nondo. Wakati wa masika, mvua inapopiga bati usiku kucha, hata asiyelala hasikii kitu. Njiani nako kuna vishandu: pikipiki inapita kasi, aliyekaa nyuma anakwapua simu sikioni kwa mtu, wanatokomea.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi mwenye mkopo hupewa shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku, fedha ambazo wenyewe huziita bumu. Kompyuta iliyokwisha kutumika ya shilingi 500,000 ni bumu la siku 50. Na ndani yake kuna takwimu za utafiti alizozikusanya shambani kwa miezi, ambazo hazipatikani dukani.

Kila mwaka wageni wa mwaka wa kwanza huambiwa wafunge milango, wasitembee usiku peke yao, wahifadhi nakala za kazi zao mahali pengine. Ushauri huo ni mzuri na uendelee kutolewa. Kasoro yake ni kwamba unamwachia mzigo wote kijana wa miaka 19 au 20 aliyeshuka stendi ya Msamvu juzi, ambaye chumba amekipata kupitia dalali kwa haraka, kabla masomo hayajaanza. Yeye hajui uchochoro upi una giza. Mwenye nyumba anajua. Mwenyekiti wa mtaa anajua. Uongozi wa chuo ungeuliza, nao ungejua.

Basi vyuo viulize. Viorodheshe nyumba za kupangisha zilizokaguliwa: zenye nondo imara, taa ya nje, mlango wenye komeo la maana, na choo kilicho ndani ya uzio. Hilo la choo si dogo, kwa sababu binti anayelazimika kutoka nje saa nane usiku anakabiliwa na hatari kubwa kuliko ya kuibiwa simu. Orodha hiyo itamlazimisha mwenye nyumba kuboresha nyumba yake, maana asiyekuwamo atakosa wapangaji. Polisi kata na wenyeviti wa mitaa washirikishwe kuikagua, na majina ya wapangaji wapya yafike serikali ya mtaa mapema.

Dawa ya kudumu ni mabweni, na Morogoro yenyewe ina mfano. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini shamba la mkonge lililoachwa pale Mazimbu. Walijenga shule, mabweni, nyumba za walimu na hospitali katika eneo moja, na mwaka 1992 wakaikabidhi Tanzania majengo hayo. Watu waliokuwa uhamishoni walipanga malazi na masomo kwa pamoja. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilifunguliwa mabweni ya kulaza wanafunzi 3,840. Fedha zikipatikana, inawezekana.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wenyewe hawana budi kuambiwa waziwazi. Simu huibwa kwa sababu ina mnunuzi, na wakati mwingine mnunuzi huyo ni mwanafunzi anayefurahia bei ya kutupa bila kuuliza risiti. Sheria inamhesabu anayepokea mali akijua ni ya wizi kuwa mkosaji. Nchi ina mfumo wa kufungia simu kwa namba yake ya utambulisho, IMEI, ambao Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliutumia kuzima simu bandia Juni 2016. Piga *#06#, iandike namba hiyo daftarini. Simu ikiibwa, ripoti polisi, kisha peleka taarifa kwa mtandao wako ili simu ifungiwe. Simu iliyofungiwa haipati mtandao wowote nchini, na bei yake kwa mwizi inaporomoka. Wengi huishia kununua nyingine na kunyamaza, na ukimya huo unawafaa wezi.

Hasira dhidi ya wezi nazo zina hatari yake. Tarehe 5 Oktoba 2012, vijana wanne wa Chuo Kikuu cha Port Harcourt, Nigeria, walipigwa na kuchomwa moto na umati katika kijiji cha Aluu, jirani na chuo chao, baada ya kusingiziwa kuwa wameiba kompyuta na simu. Mwaka 2017 mahakama iliwahukumu kifo watu watatu, mmoja wao askari polisi. Kelele za "mwizi!" zikisikika nje ya geto usiku, ibara ya 13 ya Katiba yetu bado inasema mtu asitendewe kama mkosaji kabla hajathibitika kutenda kosa. Kijana anayekamatwa kichochoroni anaweza kuwa mwanafunzi aliyechelewa maktaba. Hata akiwa mwizi kweli, pa kumpeleka ni kituoni.

Wakuu wa vyuo vya Morogoro wasisubiri bajeti ya mabweni. Kabla wanafunzi wapya hawajafika, wawaite wenyeviti wa Magadu, Mafiga, Kihonda na Changarawe, wakae nao meza moja na Jeshi la Polisi, na orodha ya nyumba salama ibandikwe siku ya kwanza ya usajili.