Nguvu Zinapomtoka Muuguzi

Muuguzi mmoja alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa ya kwanza. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, bado amevaa sare. "Padri," aliniambia, "usiku mtoto amefariki mikononi mwangu, nami nikatazama saa nijue zamu inaisha lini. Nimekuwa mtu gani?"

Nilimwambia aongeze sala. Naona aibu nikikumbuka. Mama yule anasali kuliko mimi. Kilichokauka hakikuwa imani yake.

Wataalamu huita hali hiyo uchovu wa huruma. Anayebeba maumivu ya wengine kila siku, moyo wake hufika mahali ukafa ganzi. Hilo si dhambi, wapendwa. Someni Marko sura ya 5: mwanamke mmoja aligusa vazi la Yesu, naye papo hapo akatambua kwamba nguvu zimemtoka. Bwana mwenyewe! Sasa fikirieni nesi anayeguswa na wodi nzima usiku kucha. Na katika sura ya 6, mitume walipokosa hata nafasi ya kula, Yesu hakuwahimiza waongeze bidii. Aliwaita kando wapumzike.

Liko zoezi dogo la kutuliza akili, ambalo Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, na sasa wauguzi nao hulifundishwa. Unaponawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, unanawa tu. Unasikia maji, unavuta pumzi tatu taratibu, unakubali kwamba una huzuni au hasira, kisha unaendelea. Najua wapo watakaoshtuka, maana asili yake ni tafakari ya Wabudha. Lakini hata wamonaki wetu wa jangwani walijituliza kwa kurudia sala fupi kutwa. Mkristo aliweke jina la Yesu ndani ya pumzi hizo, asiogope.

Ila pumzi tatu haziongezi nesi wa pili wodini. Mkubwa asifundishe utulivu ili apate kumwacha mtu mmoja na wagonjwa arobaini. Na sisi tunaokwenda kuona wagonjwa, wiki hii tumemfokea nani?

Muuguzi yule nilimtafuta baadaye, nikamwomba radhi. Aliniambia kwamba hatimaye amemlilia yule mtoto, peke yake, chumba cha kubadilishia nguo. Safari hii sikumpa ushauri. Nilikaa naye kimya.