Kuingia tumefundishwa, kutoka bado

Siku hizi jina la mchimbaji haliko tena kwenye karatasi tu. Orodha ya wanachama wa koperative, hesabu ya mshahara, barua ya kwenda kwa inspekta wa kazi, yote inaingia pole pole kwenye intaneti. Kampuni inasema: fungua konti, utaona bulletin yako humo. Koperative inasema: konti iko, neno la siri liko kwa sekretari. Sisi wa sendika nasi, hapa Bukavu na kule juu machimboni, tunaambiana: tuma kwa WhatsApp. Hatupingi mambo hayo. Karatasi inalowa mvua, inaliwa na panya, inapotea wakati watu wanakimbia vita. Lakini jambo moja haliko sawa, na tunataka kulisema wazi: wafanyakazi wamefundishwa kuingia, hawajafundishwa kutoka. Na wenye kutengeneza hizi tovuti, pamoja na wakubwa wanaozilipia, wanafanya sawa vile hiyo ni shida yetu peke yetu.

Watu wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni kuhakikisha wewe ni nani. La pili ni namna mashine inavyoendelea kukuamini kisha hapo. Juu ya la kwanza kila mtu anasema: neno la siri, kode, usimpe mtu. Juu ya la pili karibu watu wote wananyamaza, na ndilo linatuumiza.

Neno la siri si kitu cha jana. Kwenye kompyuta lilianza kutumika mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, ambapo Fernando Corbató na wenzake walitengeneza namna ya watu wengi kutumia mashine moja. Mwaka uliofuata, mtafiti mmoja pale, Allan Scherr, aliyepewa saa chache tu za mashine kwa wiki, aliagiza achapishiwe faili yenye maneno ya siri ya wote. Akachapishiwa. Akaanza kutumia saa za wengine. Wale wenye maneno hawakukosa kitu. Kosa lilikuwa kwa namna maneno yao yalivyowekwa: wazi, mahali pamoja.

Tangu hapo wajuzi walijifunza kutwanga. Mama twangaise wa Kamituga anaweza kueleza jambo hili kupita profesa: jiwe likishatwangwa likawa unga, halirudi tena kuwa jiwe. Tovuti iliyotengenezwa vizuri haitunzi neno lako la siri. Inalitwanga kwa hesabu, inatunza unga tu. Ukirudi kesho, inatwanga lile unaloandika, inalinganisha unga na unga. Na kabla ya kutwanga inatia kitu ambacho wajuzi wenyewe wanakiita chumvi, ya kila mtu tofauti, ili watu wawili waliochagua neno moja wasitoe unga wa namna moja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisahau neno lako na tovuti ikakutumia lile lile la zamani kwa SMS, ujue pale hakuna aliyetwanga. Neno lako liko wazi mbele ya mtu fulani ofisini.

Huo ni mlango. Sasa tuingie ndani.

Hii intaneti ya kurasa, ambayo Tim Berners-Lee aliibuni mwaka 1989 akiwa CERN, Geneva, haina kumbukumbu. Kila unapofinya kitu, serveri, yaani kompyuta ya wenye tovuti, inakupokea kama mgeni. Ni kama mlinzi wa shimo anayekusahau kila akigeuza shingo. Ingebaki hivyo, tungeandika neno la siri kwa kila ukurasa. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alipata dawa: serveri iache alama ndogo kwenye chombo chako, na kila ukirudi, chombo kiionyeshe bila wewe kuulizwa. Leo ukishataja neno lako la siri, serveri inafungua mstari kwenye daftari yake: namba hii ndefu ni ya fulani, aliingia saa fulani. Namba ile inabaki kwenye simu yako. Sisi tunaiita jetoni. Muda wote ambao jetoni inakubaliwa, wajuzi wanauita sesioni.

Angalieni vizuri hapo. Kisha jetoni kutolewa, serveri haiulizi tena neno la siri. Inaangalia jetoni tu. Mwenye kubeba jetoni ndiye wewe.

Wachimbaji wa kasiterite wanaelewa jambo hili mara moja. Mwaka 2012, pale Kalimbi, Nyabibwe, mifuko ilianza kufungwa etiketi zenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue mzigo umetoka wapi. Uchunguzi unafanyika pale etiketi inapofungwa. Kutoka hapo, njia nzima, watu wanasoma etiketi. Etiketi ikihamishwa na kufungwa mfuko mwingine, mfuko ule unapita, na namba yake ni ya kweli kabisa. Jetoni ya tovuti iko vile vile. Unaweza kuwa na neno la siri refu kama barabara ya Shabunda. Jetoni ikichukuliwa, neno lile halikusaidii kitu.

Wengine watasema tunatisha watu bure. Mwezi wa tisa 2018 Facebook yenyewe ilitangaza kwamba wezi walipita kwenye tundu la programu yake wakachukua jetoni za watu. Watu karibu milioni 90 walitolewa nje ili waingie upya, na baadaye kampuni ilisema jetoni zilizoibwa kweli zilikuwa za watu karibu milioni 30. Wezi hawakuhitaji neno la siri la mtu hata mmoja. Na dawa ilikuwa nini? Kufuta jetoni kwenye daftari ya serveri. Shika neno hilo, kufuta kwenye daftari, tutalirudia.

Hata hewani jetoni inaweza kunaswa. Mwaka 2010 Mmarekani Eric Butler alitoa programu iitwayo Firesheep, akaonyesha kwamba mtu aliyekaa kwenye Wi-Fi moja na wewe, mahali pa wazi, aliweza kuchukua jetoni yako na kuingia kwa jina lako. Kampuni kubwa zilipata haya, zikaharakisha kufunga njia nzima kwa ile alama ya kufuli unayoona juu ya ukurasa, siyo ukurasa wa kuingia peke yake. Tovuti ya mshahara isiyo na kufuli leo haina cha kujitetea.

Sasa turudi Bukavu. Hapa kwetu simu moja inatumikia nyumba nzima. Asiye na simu kubwa anaenda kwenye secrétariat public, Kadutu ao Nyawera. Kijana wa pale anamfungulia konti, anamchapishia bulletin, anapokea franka zake, anaita mteja mwingine. Nani alifinya kutoka? Hakuna. Kufunga dirisha si kutoka. Kuzima skrini si kutoka. Umeme wa SNEL ukikatika, mashine inaweza kuamka na jetoni bado iko ndani yake. Na kile kisanduku kinachosema "Se souvenir de moi", maneno matamu kweli, maana yake ni kwamba jetoni isife leo, iendelee kuishi siku nyingi. Kwenye simu yako peke yako, haina shida. Kwenye mashine ya watu wote, umeacha ufunguo mlangoni na jina lako limeandikwa juu yake.

WhatsApp nayo ni hivyo. Mtu akishika simu ya delegue dakika moja tu, ikiwa wazi, anaweza kuiunganisha na kompyuta yake. Kisha anarudisha simu, anasema asante. Kutoka hapo anasoma kila kitu: nani atagoma, nani alisaini barua, nani alileta picha za ajali ya shimoni. Delegue atabadilisha SIM, ataficha kode yake, na yule mtu ataendelea kusoma, juu jetoni ya kompyuta ile ingali hai. Mfanyakazi anaweza kupoteza kazi kwa ajili ya hiyo dakika moja.

Tunasikia jibu la wakubwa: mfanyakazi ajilinde, ni uzembe wake. Hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili ni yao. Kuna tovuti ambapo ukifinya "Se déconnecter", jetoni inafutwa kwenye simu yako tu, na mstari kwenye daftari ya serveri unabaki. Aliyekwisha kuinakili jetoni anaendelea kupita. Kuna tovuti ambapo hata ukibadilisha neno la siri, sesioni za zamani zinaendelea kuishi. Mchimbaji hawezi kurekebisha hayo hata akiwa mwangalifu namna gani. Anayeweza ni yule aliyetengeneza, na yule aliyemlipa atengeneze kwa bei ya chini.

Kuna neno lingine ambalo ni haki kulisema. Wenzetu wanalalamika: sesioni zikikatwa upesi, mtandao wetu ukiwa mbaya na mega zikiwa ghali, tutaingia mara kumi kwa siku. Wana haki. Ndiyo maana hatuombi sesioni ya dakika tano kwa kila kitu. Angalieni pesa ya simu. M-Pesa ilianza Congo mwaka 2012, na mpaka leo, ukitaka kutuma pesa, inakuuliza kode kwa kila safari. Tangu Februari 2025, wakati M23 iliingia mjini na benki zikafunga milango, watu wengi wa Bukavu wameishi kwa pesa ya simu. Fikirini kama simu iliyoshikwa mara moja ingeruhusu kutuma pesa bila kuuliza tena. Kusoma bulletin kunaweza kubaki wazi nusu saa. Kubadilisha namba ya kulipia mshahara lazima kuulize upya. Mlango mmoja hautoshi nyumba yenye sanduku ndani.

Kwa hiyo tunadai mambo matano, na tunaomba delegue wote wayaweke mezani kila mahali kampuni ao koperative inapopeleka majina yetu kwenye intaneti.

Kwanza, mtu mmoja, konti moja. Konti ya watu wote yenye neno moja la siri ni mtego. Siku jina likifutwa kwenye orodha, daftari itasema tu "koperative iliingia", na sekretari maskini ndiye atabeba mzigo.

Pili, kutoka kuwe kutoka kweli: jetoni ifutwe kwenye serveri, na kubadilisha neno la siri kuue sesioni zote za zamani. Wakala akiachishwa kazi, konti yake izimwe siku ile ile.

Tatu, kila mfanyakazi aone wapi konti yake iko wazi, kwenye chombo gani, tangu saa ngapi, na awe na kitufe kimoja cha kufunga pote.

Nne, kubadilisha namba ya malipo ao jina kuulize neno la siri tena, na SMS iende kwa namba ya zamani kabla ya mabadiliko kukubaliwa.

Tano, maandishi yawe kwa Kiswahili pia. Mtu aliyeacha shule darasa la nne hawezi kulaumiwa kwa kutofinya "Se déconnecter" kama hajui inasema nini. Neno "Toka" lina herufi nne tu.

Msituambie kwamba sheria haipo. Code du travail ya 2002 inataka mfanyakazi apewe hesabu ya mshahara wake kwa maandishi kila anapolipwa. Tovuti mbovu haiondoi deni hilo, na anayetaka karatasi aipate. Code du numérique, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inasema juu ya ulinzi wa habari za mtu. Kazi ya sendika ni kuzitoa sheria hizo kwenye kabati.

Na sisi wenyewe tusingoje wakubwa. Leo jioni kila delegue afungue WhatsApp yake, aende pale panapoonyeshwa vyombo vilivyounganishwa, na aondoe kila kimoja asichokijua. Aweke pia ile kode ya pili, "vérification en deux étapes". Kwenye secrétariat public, usisimame kabla hujaona kwa macho yako ukurasa unauliza neno la siri upya. Mashine ikiuliza "Enregistrer le mot de passe?", jibu ni hapana. Na kijana wa pale tusimfanye adui. Tumwombe awe shahidi wetu, afinye kutoka kila mara mbele ya mteja.

Mkutano ujao wa sendika, kabla ya kusema juu ya mshahara, tuchukue dakika kumi tupitishe simu mkono kwa mkono na kufunga milango iliyobaki wazi. Wenye simu kubwa wawaonyeshe wasio nazo. Kisha tuandike yale madai matano, tusaini, tupeleke.