Mche wa Myombo

Atokaye mjini Tabora kwenda Itetemia mwezi wa Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu na mvua za Novemba hazijaanza, ataiona miyombo imekwisha kuvaa majani mapya, mekundu kama shaba, yasiyongoja tone hata moja. Na aghalabu hustaajabu, kwa kuwa hakuiona kazi iliyotendeka chini. Maana mche wa myombo, kwa miaka kadhaa, hunyauka shina kila kiangazi, ukadhaniwa umekufa, hali mzizi wake wazidi kushuka.

Mwanafunzi wa ufundi naye hukua hivyo, na kwa sababu hiyo siafikiani na wazazi wanaomwondoa kijana kwa fundi seremala baada ya miezi mitatu, ati hajui kitu. (Kupiga randa tu, ubao ukanyooka, kwataka muda.) Zamani nako kila kazi ilikuwa na majira yake: wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani wakati wa kiangazi, wakarejea kulima masika, na kazi zote mbili zilikuwa na heshima yake, naye msafiri Livingstone hakupoteza wakati kwa kungoja: huko Kwihara, karibu na Tabora, alikaa tangu Machi hadi Agosti 1872 akiwangojea wapagazi aliopelekewa na mwanahabari Stanley, huku akiandika shajara yake. Mzazi na amwulize fundi mwanawe ameshika chombo gani juma hili, kabla ya kuuliza atalipwa lini.