Onyo la mvua lisiishie redioni

Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024, mto Mathare ulifurika na maji yakawakuta wenyeji wengi vitandani. Kulipokucha, kulikuwa na watu juu ya mapaa ya mabati wakingoja kuokolewa. Mvua za masika ya mwaka huo ziliua karibu watu 300 nchini kote. Wala si kwamba hakuna aliyeonya. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema kwamba sehemu nyingi zingepata mvua kupita kiasi cha kawaida.

Kwa maoni yangu, shida yetu hapa Eastlands si uhaba wa matangazo. Tangazo husomwa katika taarifa ya habari ya jioni, mtu akazima redio akalala; maji huja saa nane za usiku, stima imepotea na simu haina chaji. Isitoshe, lugha yenyewe ni ya milimita 20 kwa saa 24. Mama muuza mboga wa Korogocho afanye nini na milimita? Aambiwe tu kwamba wanaoishi kando ya mto wahame kabla ya giza.

Serikali nayo ina lawama. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Nino iliyotabiriwa haingekuja. Novemba mafuriko yakaja.

Wengine wetu hutegemea kutazama mawingu. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Mvua kubwa ikinyesha huko, maji hushuka hadi Dandora hata kama hapo hakujadondoka tone.

Msomaji atauliza haya yanahusu nini ukurasa wa afya. Saa moja ya onyo inatosha kuweka mahali pa juu dawa za kifua kikuu, za shinikizo la damu na za kupunguza makali ya Ukimwi, pamoja na kadi ya kliniki ya mama mja mzito. Inatosha pia kujaza mitungi maji safi kabla vyoo havijafurika, kwani hapo ndipo kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia. Mgonjwa wa kifua kikuu anayekatiza dawa kwa sababu zimesombwa anaweza kupata ugonjwa sugu.

Basi kila nyumba iwe na redio ndogo ya betri. Vituo vya mitaani kama Koch FM kule Korogocho na Ruben FM kule Mukuru vinawafikia watu kwa lugha yao, na vinafaa kupewa taarifa za Idara moja kwa moja. Lakini redio haimwamshi aliyelala. Bangladesh, ambako kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, ilianza mwaka 1972 kuandaa watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti. Sisi tuna vipaza sauti vya misikiti, kengele za makanisa, wazee wa Nyumba Kumi na filimbi za mabawabu. Wapangwe zamu msimu wa mvua, na nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, ibandikwe langoni.

Na keateka wa ploti, ambaye hakosi mlango hata mmoja siku ya kodi, apewe kazi ya kugonga milango hiyo hiyo usiku wa mvua.