Neno 'Mheshimiwa' na vinywa vilivyofungwa Manyatta

SIASA za uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 zinapozidi kushika kasi katika eneobunge la Manyatta, Kaunti ya Embu, kuna neno moja lisilokosa kusikika iwe ni barazani, mazishini au katika harambee: Mheshimiwa.

Huitwa hivyo mbunge, diwani wa wadi na hata mwaniaji ambaye hajapigiwa kura moja. Ajuza aliyezaliwa kabla ya uhuru wa 1963 husimama mbele ya kiongozi aliye rika la wajukuu wake, akalitamka neno hilo mara tatu ndipo aulizie basari. Akimaliza kumtukuza, swali lake limekwisha kugeuka ombi.

Lawama si ya mbunge wa sasa, Gitonga Mukunji, aliyechaguliwa 2022, wala ya mtangulizi wake, John Muchiri. Cheo hicho walikikuta. Bungeni neno hilo lina kazi: wabunge huitana hivyo ili wapingane bila kutukanana, na kila mmoja humpa mwenzake anachopewa. Likitoka nje ya ukumbi, huelekea upande mmoja tu, kutoka chini kwenda juu.

Mila za Waembu zilipanga mambo vingine. Watoto hurithi majina ya babu na nyanya zao, hivyo mama ambaye mwanawe amepewa jina la babake mzazi humwita mtoto huyo 'baba', angali ananyonya. Heshima hiyo ni deni, kwani akikua hutarajiwa kuenenda kama mzee aliyemrithi. Uongozi nao haukuwa wa mtu mmoja. Vizazi viwili, Nyangi na Kimanthi, vilikuwa vikipokezana. (Hata hivyo, tusidanganyane kwamba kila mtu alikuwa na sauti sawa enzi hizo.)

Wajapani, ambao lugha yao imesheheni viambishi vya heshima, wana funzo la kuvutia. Baada ya jina la mtu wa kawaida huongeza 'san'. Mteja au mkubwa hupewa 'sama'. Kijana wa kiume au mdogo kazini huitwa 'kun'. Mwalimu na daktari ni 'sensei', na wanasiasa nao wamejipenyeza humo. Lakini ndani ya baraza la wawakilishi, kwa desturi ya miaka mingi, Spika humwita kila mbunge kwa jina lake na 'kun', waziri mkuu akiwemo. Takako Doi, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho, mnamo 1993, aliamua kutumia 'san'. Serikali haikuanguka kwa sababu hiyo.

Karibu zaidi ni Tanzania, ambako baada ya Azimio la Arusha la 1967 neno 'Ndugu' lilimfaa waziri na mkulima vilevile, naye rais akajulikana kama Mwalimu.

Kenya ilielekea kwingine. Katika utawala wa Daniel arap Moi, kati ya 1978 na 2002, taarifa za habari redioni zilitawaliwa na 'Mtukufu Rais'. Ugatuzi ulipoanza 2013, magavana nao wakautaka utukufu huo, na mwaka uliofuata baadhi ya wabunge wakatafuta sheria ya kuwazuia. Ugomvi ulikuwa juu ya nani astahili jina kubwa. Iwapo mwananchi analihitaji jina lenyewe, hilo halikuwa hoja.

Kipengele cha 73 cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka ya afisa wa serikali ni wajibu wa kuwahudumia watu, si uwezo wa kuwatawala. Hakuna sheria inayomlazimu mkulima wa kahawa wa Kithimu au wa majani chai wa Ngandori kusema 'Mheshimiwa'. 'Bw Mbunge' ni adabu ya kutosha, na linalofuata laweza kuwa swali: ni wanafunzi gani waliopata basari muhula uliopita, na kila mmoja alipewa pesa ngapi?