Moto Hauondoi Nitreti

Tangu utotoni twafundishwa kuchemsha maji ya kunywa. Mafundisho hayo ni mema, kwani moto huua vijidudu. Lakini nitreti haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, nitreti hubaki ile ile, na kila kikombe huwa nayo zaidi.

Nyumbani kwetu Karagwe kisima kiko bondeni, chini ya migomba. Samadi, mbolea ya chumvichumvi na vyoo viko juu yake, na mvua huteremsha. Nitreti haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanywao maziwa ya kopo. Ikizidi mno, damu yao hushindwa kubeba oksijeni.

Vipimo vingi husoma rangi, nayo maji yetu ya masika ni mekundu kwa udongo. Iko njia nyingine. Maji hutiwa asidi na kloridi ya titani, hupashwa moto, na nitreti hugeuka gesi. Gesi hiyo hupulizwa katika bomba na kumulikwa kwa miali ya urujuanimno. Miali ikimezwa sana, nitreti ni nyingi. Tope hubaki nyuma.

Basi, maoni yangu ni haya: Karagwe na Kyerwa zishirikiane kupata mtambo mmoja wa namna hiyo, nasi wanafunzi wa kemia tupeleke maji ya kila kisima, masika na kiangazi. Mama hawezi kumkinga mwanawe na asichokiona. Sisi tuliofundishwa tusinyamaze.