Kazi Ipimwe, Kisha Ilipwe

MVUA zinapokaribia, miji yetu ya bara husikia ngurumo za greda. Manyoni, mji wa Reli ya Kati inapoanzia njia ya kwenda Singida, ni mmojawapo. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mtaa wa udongo usiochongwa mapema hugeuka korongo, na mgonjwa hubebwa mabegani.

Barabara za aina hiyo zilikuwa mikononi mwa halmashauri hadi ulipoanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) mwaka 2017. Sehemu kubwa ya fedha za kuzitunza hutoka katika tozo ya mafuta. Mwaka 2021 tozo hiyo iliongezwa kwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kwa hiyo mkandarasi na mwenye kazi wanapogombea malipo, mali inayogombewa ni ya wananchi.

Chanzo cha ugomvi kinajulikana. Nyumba iliyojengwa husimama ikajitetea yenyewe. Mtaa uliochongwa haujitetei: mvua chache tu, kifusi kimesombwa na mitaro imefukiwa. Mkandarasi hudai alichonga urefu wote wa mkataba. Mhandisi hudai hakushindilia. Ushahidi umekwenda na maji.

Wakati huo faili hulala mezani. Mikataba ya kawaida ya ujenzi wa umma hutoa siku 28 za kulipa tangu cheti cha malipo kitolewe. Zikipita, riba huanza kuhesabiwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara hasara ya riba za namna hii. Riba haichongi hata hatua moja ya barabara, wala haikatwi katika mshahara wa aliyelikalia faili. Naye mkandarasi anayetaka kuishtaki Serikali mahakamani hana budi kutoa notisi ya siku 90 kwanza, huku vibarua wake wakisubiri ujira.

Hatusemi kwamba makandarasi wote ni waadilifu. Wapo wanaokwangua juu juu, bila kumwaga maji wala kushindilia, wakitumaini mvua itawafichia. Hao wasilipwe hata senti moja kwa kazi wasiyoifanya. Lakini kumcheleweshea mkweli haki yake kwa kisingizio cha mwongo si uangalifu; ni uzembe.

Dawa haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Greda isiondoke mtaani kabla mhandisi na mkandarasi hawajapima pamoja urefu, upana na unene wa kifusi, mwenyekiti wa kitongoji akishuhudia, na wote wakatia saini. Penye ubishi, sehemu isiyobishaniwa ilipwe kwa wakati, na iliyobaki iamuliwe kabla mvua hazijaanza. Na mkataba usitiwe saini ikiwa fedha zake hazijulikani zitatoka wapi.

Mtumishi wa umma anayeidhinisha kazi ameahidi kwa niaba ya wananchi. Wazee walikwisha kusema: dawa ya deni kulipa. Nasi tunaongeza: dawa ya ugomvi ni kupima.